Slasha ya trekta kuukuu: anza na klachi, futi zije mwisho

Mvua zikikolea, kuanzia Kigumba hadi Masindi na kushuka mpaka Nakasongola, nyasi hufika kifuani kabla mtu hajamaliza kupalilia mahindi. Hapo ndipo mwenye trekta anapoanza kutafuta slasha, mashine ya kufyekea inayofungwa nyuma ya trekta, ama kwa ajili ya malisho yake, ama kwa kazi za kukodishwa: viwanja vya shule, kando za barabara za vijijini, mashamba yaliyolala misimu miwili. Na trekta zenyewe huku kwetu nyingi ni za zamani. Massey Ferguson 135 na 165, Ford 5000, mara mojamoja Massey 35 iliyoachwa na babu. Zimepita mikono mingi, zimelima, zimevuta trela za miwa ya Kinyara, na bado asubuhi zinawaka.

Mwenye trekta hiyo hupanda basi mpaka Kampala, akaingia Ndeeba au Katwe, na swali lake la kwanza kwa muuzaji huwa hilohilo: "Mna za futi ngapi?"

Upana ni jambo la kuulizwa, ila ndilo la mwisho. Kwenye trekta mpya ungeweza kuanza nao, kwa sababu mambo mengine yameshapangwa kiwandani. Kwenye trekta ya miaka ya 1960 au 1970 kuna maswali yanayotangulia, na la kwanza ni la klachi. Nimeziona slasha nzuri, mpya kabisa, zikilala chini ya mwembe kwa kuwa zilinunuliwa kwa futi peke yake. Inauma, maana pesa ile mara nyingi ilikuwa ya mahindi ya msimu mzima.

Kinachozunguka chini ya bamba

Slasha ya trekta ni bamba pana la chuma lenye giaboksi juu yake. Chini ya bamba, shafti ya giaboksi imebeba sahani nzito ya duara, na pembeni mwa sahani hiyo vimefungwa visu kwa bolti nene, kwa kawaida viwili. Visu havijakazwa vikaganda. Vinacheza kwenye bolti zake, na mzunguko ndio unaovinyoosha. Kisu kikigonga kisiki hukunjika kurudi nyuma, kisha kikajinyoosha tena. Nguvu hutoka kwenye PTO, ile shafti fupi yenye meno inayochomoza nyuma ya trekta, ikapita kwenye propela, shafti ndefu ya kuunganisha yenye krosi mbili (viungo vinavyopinda), mpaka kwenye giaboksi.

PTO ya kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, kulia kama mshale wa saa ukiwa umesimama nyuma ya trekta unaitazama. Kiwango hicho kina umri mkubwa. Wahandisi wa kilimo wa Marekani walikubaliana mwaka 1927 kwenye mizunguko 536, baadaye ikawa 540, na viwanda vya nchi nyingine vikafuata. Ndiyo maana slasha iliyotengenezwa juzi nchini India inaingia kwenye trekta iliyotoka Coventry mwaka 1966 bila ubishi mkubwa.

Giaboksi ya slasha huongeza mizunguko hiyo. Tuchukue giaboksi inayozidisha mara moja na nusu: 540 zinakuwa 810. Kwa slasha ya futi tano, ncha ya kisu inakuwa inakimbia zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Kasi hiyo ndiyo inayokata nyasi, na ndiyo inayofanya klachi iwe jambo la kwanza.

Klachi ya hatua moja au ya hatua mbili?

Muuzaji mzuri utamjua kwa swali analokurudishia. "Mzee, nataka ya futi sita, trekta yangu ni Massey." "Massey gani, kijana wangu? Na klachi yake ni ya hatua ngapi?" Ukimpata mzee wa namna hiyo, kaa naye, hata kama bei yake iko juu kidogo.

Trekta nyingi za mwanzo zilikuwa na klachi moja tu. Baada ya klachi hiyo njia ya nguvu inagawanyika: huku magurudumu, huku PTO. Ukikanyaga pedali unaitenga injini, lakini PTO na magurudumu vinabaki vimeshikana vyenyewe kwa vyenyewe kupitia gia. Sasa sahani ile nzito iko kwenye kasi, na dereva anaona kichuguu au ndama mbele yake. Anakanyaga klachi mpaka chini. Slasha haiwezi kusimama ghafla, kwa hiyo mzunguko uliobaki unarudi kupitia propela, unaingia kwenye giaboksi ya trekta na kuyasukuma magurudumu. Trekta inaendelea kwenda mbele na mguu uko juu ya klachi. Breki za mashine ya miaka hamsini, zilizolowa oili ya sili iliyochoka, hazina ubavu wa kuizuia mara moja. Watu wamepasua ukuta kwa njia hii, wameangukia mitaro, na dereva mgeni hafahamu kilichompata.

Katikati ya miaka ya 1940 kampuni ya Cockshutt ya Kanada ilianza kuuza trekta ambayo PTO yake haikusimama trekta iliposimama, na wengine wakafuata kwa njia zao. Massey Ferguson waliweka klachi ya hatua mbili: pedali ni moja, lakini ukikanyaga nusu magurudumu yanasimama na PTO inaendelea, ukikanyaga mpaka chini vyote viwili vinasimama. Massey 135, iliyotengenezwa kuanzia 1964 hadi 1975, nyingi zina klachi hii. Nyingi, lakini kuna zilizotoka kiwandani na klachi moja. Tena klachi ikichoka mafundi wengine hufunga ile waliyoipata, kwa hiyo jina lililoandikwa kwenye boneti halitoshi kuwa ushahidi.

Ijaribu mwenyewe kabla ya safari ya Kampala. Peleka trekta mahali tambarare palipo wazi, bila kitu chochote nyuma. Weka gia ya chini kabisa, washa PTO, iache itembee polepole. Mtu mwingine akae kando, mbali na shafti, aitazame. Kanyaga pedali taratibu. Magurudumu yakisimama huku PTO ikiendelea kwa nguvu ileile, una hatua mbili. Vikisimama pamoja, una klachi moja, au una hatua mbili ambayo marekebisho yake yameharibika. Hapo mwite fundi aipime nafasi ya vidole vya klachi kabla hujakata tamaa. Shafti ikizungukazunguka kwa uvivu baada ya kukanyaga mpaka chini, hiyo mara nyingi ni oili inayoisukuma tu. Hesabu ule mzunguko unaofuata nguvu ya injini tu.

Ukikuta klachi moja, huhitaji kuuza trekta. Kuna kifaa kidogo cha chuma kinachovaa kwenye shafti ya PTO kabla ya propela, kinachopeleka nguvu upande mmoja tu. Kinafanya kazi kama friwili ya baiskeli: ukikanyaga pedali gurudumu linazunguka, ukiacha kukanyaga gurudumu linaendelea lenyewe na miguu yako imetulia. Injini inaizungusha slasha, slasha haiwezi kuizungusha trekta. Baadhi ya propela huja nacho kimejengewa ndani. Kwa mwenye klachi moja kifaa hiki ni lazima, na kinunuliwe siku ileile slasha inaponunuliwa, maana "nitakuja kukichukua mwezi ujao" huishia kwenye mtaro.

Lipo tatizo la pili ambalo friwili haiondoi. Ukifika kwenye kichaka kizito cha matete, dereva hutaka kusimamisha magurudumu na kuiacha slasha imalize kutafuna kabla ya kusogea. Klachi moja haikupi nafasi hiyo, kwa sababu ukisimama na slasha inapoteza nguvu. Kwenye trekta za ukoo wa Ferguson zenye klachi moja, pampu ya haidroliki nayo inaendeshwa na njia hiyohiyo, kwa hiyo ukikanyaga klachi mikono ya nyuma inayobeba slasha haipandi. Huwezi kusimama ukainua slasha itoke kwenye kichaka. Dawa yake ni kuchagua slasha nyembamba kuliko nguvu ya injini inavyoruhusu, na kuingia kwenye kichaka kwa nusu ya upana wake.

Nguvu iliyoandikwa na nguvu iliyopo

Massey 135 husifiwa kuwa na nguvu ya farasi 45. Hiyo ni injini ya Perkins yenye silinda tatu ikiwa peke yake. Nguvu inayofika kwenye PTO ni ndogo kuliko hapo, kwa sababu gia, pampu na feni vimeshachukua fungu lao. Vipimo vya Nebraska, Marekani, ambako trekta zinapimwa tangu 1920, viliipa 135 ya dizeli kati ya farasi 37 na 38 kwenye PTO. Trekta ilikuwa mpya, dizeli ilikuwa safi.

Halafu kuna jambo ambalo huku kwetu halitajwi: tunaishi juu. Masindi na Kampala ziko kati ya mita 1,100 na 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na Kabale iko zaidi ya mita 1,800. Injini ya dizeli isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa kuwa hewa ni nyepesi na pumzi yake ni ileile. Nebraska wanapopimia ni karibu mita 350. Kwa hiyo 135 iliyo mpya kabisa, ikifika Masindi, imebaki na farasi 34 hivi. Ondoa uchakavu wa nozeli, ringi na fulta ya hewa isiyobadilishwa tangu msimu uliopita, na mimi huhesabu 30. Ukibaki na zaidi ya hapo, shukuru.

Kipimo cha kawaida ni farasi 5 kwa kila futi ya slasha kwenye nyasi za wastani, na 6 au zaidi kwenye matete, yale Waganda wanayoyaita bisagazi, au kwenye nyasi zilizochanganyika na vichaka. Kwa farasi 30 unapata futi tano. Futi sita itakata uwanja wa mpira vizuri kabisa, kisha Aprili itakapofika na matete yamekupita kichwa, injini itaanza kutoa moshi mweusi na mizunguko itashuka. Mizunguko ikishuka visu vinaanza kupiga nyasi badala ya kukata, nyasi zinajizungusha kwenye shafti juu ya sahani, na sili ya chini ya giaboksi inaharibika. Slasha pana kwenye trekta dhaifu hufanya kazi ndogo kwa siku kuliko nyembamba. Wateja wangu wengi hawaliamini hili mpaka walione shambani.

Kwa Massey 165, yenye farasi kama 50 kwenye PTO ikiwa mpya, futi sita ni saizi yake hapa Uganda. Massey 35, futi nne, na tano kwa nyasi laini tu.

Anayefyeka malisho ya Ankole, kwenye zile nyasi ngumu za mutete ambazo ng'ombe hawazitaki, ahesabu kama anakata vichaka. Shina la mutete likikomaa halina tofauti kubwa na fito.

Kuunganisha: pini, meno na urefu wa propela

Mikono mitatu ya nyuma, aliyoibuni Harry Ferguson na ambayo leo iko karibu kwenye kila trekta duniani, ina madaraja. Daraja la kwanza lina pini za chini zenye unene wa milimita 22 na pini ya juu ya milimita 19. Daraja la pili ni milimita 28 chini na 25 juu, na mikono inakaa mbali zaidi kwa upana. Massey 135 ni daraja la kwanza. Ukiletewa slasha ya daraja la pili, bushi za kuvalisha pini hazisaidii, kwa sababu hunenepesha pini nyembamba, na hapa matundu ya mikono yako ndiyo madogo kuliko pini za slasha. Hapo inabidi pini zenyewe zibadilishwe. Usimruhusu mtu kutoboa matundu ya mikono ya trekta yawe makubwa. Pini ni rahisi, mikono ni ghali.

Shafti ya PTO nayo ihesabiwe meno. Ya mizunguko 540 ina meno sita na unene wa milimita 35. Ukikuta meno 21, hiyo ni ya mizunguko 1,000, na slasha ya 540 ikizungushwa kwa kasi hiyo visu vinaweza kung'oka. Kuna adapta za kubadili meno sokoni. Adapta haibadilishi mizunguko, inabadilisha meno tu, na hapo ndipo hatari inapojificha. Wenye Ferguson ndogo ya TE20, ile ya kijivu, wajue shafti yao ni nyembamba zaidi, kama milimita 28, ingawa nayo ina meno sita. Wanahitaji adapta ya kunenepesha, na hiyo haina ubaya.

Sasa propela, ambayo ndiyo sehemu inayoharibiwa zaidi siku ya kwanza. Propela ni mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, inayoteleza slasha inapopanda na kushuka. Huja ndefu makusudi ili mnunuzi aikate kulingana na trekta yake. Ikifungwa bila kupimwa, siku utakayoinua slasha mirija inagongana mwisho wake, na kwa kuwa haina pa kwenda, inasukuma beringi ya PTO ndani ya trekta au inapasua giaboksi ya slasha. Mlio wake ni mmoja tu, "tak!", na oili inaanza kudondoka.

Pima hivi. Funga slasha kwenye mikono mitatu bila propela, injini ikiwa imezimwa. Inua mpaka shafti ya trekta na shafti ya slasha ziwe usawa mmoja, maana hapo ndipo umbali kati yao huwa mfupi kuliko kote. Tega slasha kwa magogo isishuke. Itenganishe mirija, funga nusu moja kwenye trekta na nyingine kwenye slasha, uzishike zikiwa sambamba. Utaona zinapitana kwa kiasi gani. Weka alama ili, katika ufupi huo, kila mrija ubakize nafasi ya sentimita mbili na nusu hivi kabla ya kugonga mwisho. Kata mirija yote miwili kwa kiasi kilekile, na plastiki zake za kinga kiasi hichohicho. Piga tupa mpaka ukali wote uishe, futa vumbi la chuma, paka grisi. Kisha ishushe slasha mpaka chini na uinue mpaka juu uone: popote inapofika katika kazi, mirija iwe bado imeshikana kwa angalau theluthi moja ya urefu wake. Kama umefunga friwili, pima ukiwa umeshaivalisha, kwa sababu inakula sentimita kadhaa.

Angalia pia kwamba uma za krosi mbili zimelala upande mmoja. Propela yenye mirija ya umbo la limau hujipanga yenyewe, lakini ile ya mraba iliyochomelewa mtaani inaweza kufungwa robo mzunguko vibaya, na trekta nzima itatetemeka mpaka krosi zife.

Vichuguu, visiki na bolti ya kukatika

Nakasongola, Luwero na sehemu kubwa ya Masindi, adui wa slasha ni kichuguu. Kile kikubwa unakiona. Kidogo, cha kimo cha goti, kilichofunikwa na nyasi na kukauka kama tofali, ndicho kinachopinda shafti. Kaskazini, Lira na kwingineko, ni visiki. Kwa hiyo slasha ya huku ichaguliwe kwa jinsi inavyopokea pigo.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni bolti laini kwenye propela, inayokatika kabla ya kitu kingine kuvunjika. Ya pili ni klachi ndogo ya sahani kwenye propela, inayoteleza pigo likija. Ya pili ni tamu kutumia, lakini inataka matunzo: ikilala nje mvua za msimu mmoja sahani zake zinashikana kwa kutu, na tangu hapo haitelezi tena, hata jiwe lije. Kila mwanzo wa msimu inabidi kulegeza springi zake, kuizungusha ikateleza, kisha kuzikaza tena kwa kipimo kilekile. Kwa mtu anayefanya kazi mbali na mji na dereva wake hubadilika kila mara, mimi naishauri bolti. Anaiona imekatika, anaweka nyingine, kazi inaendelea.

Sharti lake ni kuiheshimu. Bolti ikikatika mara tatu asubuhi moja, dereva hutafuta iliyo ngumu, na siku hiyo hiyo giaboksi hupasuka. Tazama kichwa cha bolti. Kwenye zile za inchi, kichwa kisicho na mistari ni laini, mistari mitatu ni ngumu, mistari sita ni ngumu sana. Za milimita huandikwa namba, kama 8.8 au 10.9, na kadiri namba inavyopanda ndivyo ugumu unavyopanda. Fuata aina iliyotajwa na mtengenezaji wa slasha, nunua dazeni nzima, weka kwenye mkebe ndani ya sanduku la vifaa. Na kama zinakatika sana, tatizo liko kwenye mwendo au kwenye shamba. Tembea shamba hilo kwa miguu kabla ya kuingiza trekta, ukachomeke fito kwenye kila kichuguu.

Uzito unaoning'inia nyuma

Slasha ya futi tano si nzito sana kuivuta, lakini inapoinuliwa uzito wake uko mbali nyuma ya ekseli, na mbele ya trekta kunakuwa kwepesi. Kanuni inayokubalika ni kwamba magurudumu ya mbele yabaki na angalau asilimia 20 ya uzito wote slasha ikiwa juu. Chini ya hapo usukani unakuwa wa kubahatisha, na kwenye miteremko ya Mbarara au Kabale trekta inaweza kunyanyua kichwa. Vizito vya mbele vya kiwandani havipatikani kirahisi kwa trekta hizi, lakini sanduku la chuma lililojazwa zege na kufungwa vizuri mbele linafanya kazi ileile.

Pima pia upana wa trekta, nje ya tairi hadi nje ya tairi. Futi tano ni sentimita 152, na 135 yenye tairi pana mara nyingi inaizidi. Tairi zitalaza nyasi pembeni ambazo slasha haizifikii, na nyasi zilizolazwa husimama tena kesho yake mwenye shamba akija kukagua. Rimu za trekta hizi zinaweza kugeuzwa ili magurudumu yasogee ndani. Kwenye tambarare fanya hivyo. Kwenye miteremko usifanye, acha magurudumu yakae mbali, na utafute slasha inayoweza kufungwa ikiwa imesogea upande mmoja, ili angalau mkondo wa tairi moja ufunikwe na mwingine ufunikwe na mzunguko unaofuata.

Mpya, ya mtumba, au ya Katwe

Mafundi wa Katwe wanajua chuma, na bamba walilolitengeneza kwa unene wa kutosha linaweza kudumu kuliko la kigeni lililobanwa gharama. Jambo la kuwauliza ni giaboksi na sahani. Giaboksi iwe ya slasha kweli, si difu ya gari iliyogeuzwa, kwa sababu mwelekeo wa mzunguko na kasi vinaweza kuwa tofauti na visu vikaenda kinyume. Sahani na visu vipimwe uzito: visu viwili vinavyotofautiana uzito hutikisa kila kitu mpaka weldingi ziachie.

Ya mtumba ikague hivi. Shika kisu cha chini, trekta ikiwa imezimwa na slasha imetegwa, uisukume shafti juu na chini, kushoto na kulia. Ikicheza, beringi zimekwisha. Tazama juu ya sahani, pale shafti inapoingia kwenye giaboksi: waya au nyasi zilizosokotwa hapo maana yake sili imeshakatwa. Fungua kizibo cha oili utumbukize kijiti. Oili ya rangi ya maziwa ina maji, oili yenye unga unaometameta ina meno ya gia. Tazama pia rangi mpya iliyopakwa sehemu moja tu, hasa kwenye kona za mikono ya juu, uikwaruze kwa ufunguo uone kama kuna ufa uliochomelewa chini yake.

Kabla ya siku ya kwanza shambani

Minyororo au mipira inayoning'inia mbele na nyuma ya slasha haijawekwa kwa urembo. Jiwe likipigwa na kisu kwenye kasi ile tuliyoihesabu hufika mbali sana, na watoto wa kijijini hupenda kufuata trekta kutazama. Slasha isiyo na minyororo usiilete nyumbani kabla ya kuifunga, na mwambie dereva kwamba mtu yeyote akikaribia, PTO inazimwa kwanza, maneno baadaye. Plastiki ya kinga juu ya propela nayo ibaki. Kanzu, gomesi au leso ikishikwa na shafti ya mizunguko 540, ndani ya sekunde moja inakuwa imezungushwa mara tisa. Hakuna mkono unaowahi.

Giaboksi nyingi mpya husafirishwa bila oili, au na oili kidogo tu, hivyo fungua kizibo uangalie kabla ya kuwasha. Washa PTO injini ikiwa chini, kisha panda taratibu mpaka alama ya 540. Kama mita ya mizunguko imekufa, na kwenye trekta hizi nyingi imekufa, azima kile kipimo cha mwanga wanachotumia mafundi wa jenereta, bandika kipande cha karatasi inayong'aa kwenye shafti injini ikiwa imezimwa, kisha isome. Tia alama ya rangi kwenye mkono wa mafuta mahali hapo ilipofika 540, ili kila dereva aione. Shambani mkono huo usishushwe. Nyasi zikizidi, punguza gia.

Baada ya saa ya kwanza zima kila kitu, teremka, kaza upya nati za visu na ya sahani, ushike giaboksi kwa kiganja. Ikiwa ya moto kiasi cha kuvumilika, endelea. Ikikuchoma, kuna oili pungufu au beringi iliyobanwa. Pita na mbele ukatazame radieta, kwa sababu mbegu za nyasi hujaza matundu yake haraka kuliko unavyodhani. Zipulize kutoka upande wa feni kwenda mbele, na siku ya pili uje na wavu wa mbu wa dirishani, ufunge mbele ya grili, uwe unaukung'uta kila unaposimama kunywa maji.